Daftari la Msimu Usiokwisha

Mimi ni fundi wa kompyuta, duka langu liko Barani, Malindi, na nasema mapema ili tusije tukalaumiana: katika kisa hiki aliyeshindwa ni mimi. Nilishindwa siku tatu mfululizo, mbele ya watu, na aliyenishinda hajakaa darasa la kompyuta hata siku moja. Ni mlamu wangu Mbeyu, mke wa kaka yangu mkubwa. Nimeamua kumwandika kwa sababu huko Marereni wanamweleza kombo. Wengine wanasema alibahatika. Wengine wanasema ni Masha, yaani mimi, niliyeitengeneza ile mashine, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana nikikana watu hudhani naona haya kujisifu.

Mbeyu aliingia kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kemia alipata alama ambayo mimi sikuwahi kuiona kwenye karatasi yangu, lakini baba yake alikuwa na watoto wanane na mbuzi watano, na chuo hakikuingia hapo. Akapewa reki na viatu vya mpira. Maji ya bahari hufungiwa kwenye mabwawa mapana, jua likayakausha, kisha watu wakaikwangua chumvi na kuikusanya vichuguu vichuguu. Kazi hiyo naijua kwa kuitazama tu, na kuitazama kulinitosha. Maji ya chumvi huingia kwenye ufa wa kisigino yakakaa humo, na mwanga unaorudi kutoka chini huyachosha macho kabla mtu hajafika arubaini. Mbeyu alikwangua miaka sita. Katikati ya hiyo sita akaolewa na kaka yangu Mwaringa, akazaa mara mbili, na kila mara akarudi kwenye reki.

Ndipo kampuni yenye mashamba hayo ikaletewa mashine ya kupimia iodini. Kwa asiyejua, chumvi ya kula hunyunyiziwa iodini ili watu wasiote rovu shingoni, na sheria inataka ipimwe, isizidi wala isipungue. Mashine yenyewe ni kitu cha kukaa mezani. Ina bomba jembamba linalodondosha dawa tone kwa tone ndani ya maji yaliyoyeyushwa chumvi. Kompyuta iliyo pembeni ndiyo inayoamuru matone yaanze na yakome, ndiyo inayohesabu, na ndiyo inayoandika jibu. Mashine ilikuja na kijana wa bara aitwaye Owen, mtaalamu, naye akataka mtu wa kumwoshea chupa. Aliwaendea kina mama waliokuwa wakinywa uji ukutani mwa ghala, akainua chupa moja akauliza nani anaweza kusoma kibandiko chake. Mbeyu akakisoma chote, kisha akamwambia kwamba dawa hiyo muda wake ulikwisha mwezi uliopita. Owen hakumuuliza mtu mwingine.

Miezi saba baadaye Owen alipata kazi nzuri zaidi akaondoka. Bwana Rajabali, mwenye kampuni, akamwambia Mbeyu, "Shikilia kwa muda." Muda huo ulikuwa umetimiza miaka mitatu siku nilipoitwa. Kwenye orodha ya wafanyakazi Mbeyu alikuwa bado kibarua wa shambani, na koti jeupe alilovaa lilikuwa la Owen, mikono ameikunja mara mbili.

Alinipigia simu Jumatano asubuhi.

"Mlamu, ile kompyuta inaganda. Tangu Jumanne haijanipa jibu hata moja. Njoo leo, si kesho."

Nikafunga duka, nikapanda pikipiki. Nilipopita Mambrui nilikuwa bado najiambia hii ni kazi ya saa moja, na adhuhuri nitakuwa nimerudi kwangu nikila. Kiburi cha fundi ni kitu kibaya sana. Nakijua, nami sikiachi.

Maabara yao ni chumba kimoja mwisho wa ghala la magunia. Kina feni moja, na dirisha limezibwa kwa nailoni ili upepo wa chumvi usiingie. Nje palikuwa na lori limejazwa magunia, turubai limefungwa, dereva amelala chini yake. Lilikuwa linasubiri cheti. Pale chumvi haitoki langoni bila cheti cha maabara, na cheti hakitoki bila jibu la mashine.

"Nionyeshe," nikamwambia Mbeyu.

Akapima chumvi kwenye mizani, akaiyeyusha, akaweka glasi chini ya bomba, akabonyeza. Matone yakaanza. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukaanza kupanda, hatua moja kwa kila tone. Tone la tisa, mstari ukasimama. Nikasukuma kipanya, mshale haukutikisika. Nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Kimya. Lakini bomba halikusimama. Liliendelea kudondosha, ti, ti, ti, kama halina habari kwamba mkuu wake amezimia, mpaka maji yote yakaharibika.

Mbeyu akayamwaga kwenye karai. "Hiyo ya kumi na nne," akasema. "Na dawa imebaki nusu chupa. Ikiisha hii, nyingine ni ya kuagizwa Nairobi."

Nikavua shati la juu nikaanza. Nilifungua kompyuta nikakuta vumbi la chumvi limetanda ndani, nikafurahi, maana nilidhani nimempata mwizi. Nikapuliza, nikafuta kwa spiriti, nikafunga. Tukapima. Ikaganda tone la tisa. Nikabadilisha waya unaounganisha kompyuta na mashine. Ikaganda tone la nane. Nikasaka virusi, nikafuta picha za harusi ambazo sijui nani alizihifadhi humo, nikaondoa kila programu isiyohusika. Ikaganda tone la tisa. Kila jaribio lilikula dawa, na kila ilipoliwa Mbeyu aliitazama ile chupa, kisha akaniangalia, kisha akaandika kitu kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Sikumuuliza anaandika nini. Hapo ndipo nilipokosea, na nitalirudia hili hata kama hakuna aliyeniuliza.

Alasiri Bwana Rajabali akaingia. Ni mtu wa makamo, mnene kidogo, miwani ameining'iniza shingoni kwa uzi. Kampuni aliirithi kwa baba yake.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Fundi wa Malindi, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutapona?"

"Inshallah tutapona," nikasema, na jasho likinitoka.

Akamgeukia Mbeyu. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Mama, sikiliza. Ikifika Ijumaa jioni haijapona, chumba hiki nitakifunga. Gari litaondoka, na vipimo tutatuma Mombasa, majibu yatafuata. Wewe usiwe na wasiwasi, utarudi shambani na wenzako. Kazi haitakosekana."

Alisema kama mtu anayempa mwenziwe zawadi. Akatoka. Mbeyu akaanza kuosha glasi ambayo ilikuwa safi tayari.

"Shambani si kufa," nikamwambia.

"Mlamu, jua nalijua, na reki naijua. Kinachoniuma ni kurudi pale wote wakinitazama. Watasema alipanda akateremshwa. Na wanangu wamezoea kuniona na koti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikampigia simu Njenga, wa kampuni iliyouza mashine, Nairobi. Nilimpata mara ya nne.

"Hiyo ni chumvi imeingia kwa mashine," akasema kabla sijamaliza kueleza.

"Mashine nimeisafisha."

"Basi badilisha waya."

"Nimebadilisha."

"Basi mwambie huyo mama asibonyezebonyeze mambo. Halafu, kwani Owen hayuko? Huku kwetu tunaona vipimo vyote ni vyake."

Nikamwambia Owen aliondoka zamani. Akasema basi hapo hakuna mtu aliyefunzwa, dhamana imevunjika, na dawa ni kununua mashine mpya. Nikakata simu. Hasira nilizokuwa nazo niliziweka mahali ambapo hazikustahili. Nilimgeukia Mbeyu nikamuuliza, kwa sauti ya juu, "Kwani wewe ulibonyeza nini?"

Aliniondolea macho, akatoka nje akasimama kando ya lori. Naona aibu hata sasa.

Alhamisi nilirudi na silaha zote. Nilikuwa nimekuja na laptopu yangu mwenyewe, mpya, ile ninayowaringia wateja. Mpango wangu ulikuwa mzuri: kunakili programu yote na kila kilichomo, niiweke kwenye laptopu, niunganishe na mashine. Ikifanya kazi, basi kompyuta yao ndiyo mbovu, wanunue nyingine, mambo kwisha. Kunakili kulichukua saa mbili na nusu. Nilishangaa, maana programu ya kuhesabu matone haifai kuwa nzito hivyo, lakini nilishangaa tu nikanywa chai. Fundi mwenye akili angeuliza. Mimi nilikula mahamri.

Tukapima. Laptopu yangu mpya ikaganda tone la kumi na moja.

Nikapiga meza. Glasi moja ikaanguka ikavunjika, na Mbeyu akaiokota vipande vipande. Nikatangaza kwamba kosa liko ndani ya mashine yenyewe, kwamba Njenga kwa bahati mbaya amesema kweli, na kwamba mimi nimefika mwisho. Dawa kwenye chupa ilikuwa imebaki vidole viwili.

"Umemaliza?" Mbeyu akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa nami nisikilize."

Akatoa kile kijitabu. Humo alikuwa ameandika kila siku mashine ilipoganda, kuanzia mwaka wa kwanza. Kumbe haikuanza Jumanne. Mwanzoni ilikuwa ikisita kiasi cha kuvuta pumzi. Mwaka uliofuata ilisita kiasi cha mtu kuhesabu mpaka ishirini. Mwezi wa Ramadhani uliopita alikuwa akibonyeza, anakwenda kuosha chupa, anarudi ndipo inaamka. Jumanne haikuamka tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?" akasema. "Umekuja umevua shati umeanza kufungua misumari. Halafu tazama na hili. Tone likidondoka, kompyuta haigandi. Inaganda baada ya tone, pale inapotaka kuandika. Kupima inapima. Kuandika ndiko kunakoishinda."

Nilikuwa nimelitazama lile tone siku mbili, sikuliona hilo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku hizo zilikuwa zimenyolewa.

Ijumaa nilifika saa moja asubuhi, nikamkuta amekwisha fika. Alikuwa na wazo, ila aliogopa kulisema kabla ya kulijaribu. Owen alipokuwa akimfunza alikuwa amemfungulia sehemu ya mazoezi ndani ya programu hiyo hiyo, ukurasa mtupu wa kuchezea, ili asiharibu vipimo vya kweli. Tangu Owen aondoke hakuna aliyeugusa. Mbeyu akaufungua. Akaweka maji matupu kwenye glasi, na tone moja la ile dawa ya thamani akaliruhusu lidondoke, kisha la pili, la tatu. Mstari ukapanda. La tisa, ukapanda. La kumi na mbili, la ishirini. Hakuna kuganda, hakuna kusita. Akabonyeza kusimamisha, na mashine ikasimama pale pale kama mtoto aliyefunzwa adabu.

Tukatazamana. Mashine ile ile, kompyuta ile ile, waya ule ule.

Mbeyu akaenda kwenye rafu. Hapo ndipo inabidi nieleze desturi ya mashamba yale. Marehemu baba yake Bwana Rajabali aliweka kanuni kwamba daftari la msimu, linaloandikwa chumvi yote ya mwaka, halifungwi mpaka mvua iue chumvi, yaani mpaka mvua kubwa inyeshe, mabwawa yajae maji matamu na kazi isimame. Kufunga kabla ya hapo ni kuita mkosi. Miaka yote haikuwa taabu, maana kila mwaka mvua ilikuja. Lakini miaka hii mitatu mvua ilikuwa ikipita ikitunyunyizia tu, vumbi linalowa asubuhi na mchana limekauka. Chumvi haikufa. Kazi haikusimama. Na daftari halikufungwa. Kurasa zilipoisha, karani alishonea nyingine kwa uzi wa magunia, kisha nyingine, na sasa daftari la msimu lilikuwa nene kama mto wa kulalia.

Mbeyu akalibeba kwa mikono miwili, akalitua mezani mbele yangu.

"Ili niandike mstari mmoja humu," akasema, "lazima nilibebe lote, nilifungue lote, nifike mwisho. Hebu niambie, mlamu. Na ile kompyuta kila tone linapodondoka, si inafanya hivi hivi?"

Nikakaa kwenye kompyuta nikachungulia mahali ambapo nilipaswa kuchungulia Jumatano. Owen alipoanza kazi alikuwa amefungua msimu ndani ya programu, na watu wa Marereni, kwa heshima ya kanuni yao, hawakuufunga. Miaka mitatu na zaidi ya vipimo, kila tone la kila kipimo, yote katika faili moja. Kila tone jipya lilipodondoka, programu ililifungua faili zima, ikaongeza alama moja, ikalifunga. Nami nililinakili lote kwa saa mbili na nusu, nikaliingiza kwenye laptopu yangu, nikashangaa mbona nayo inaganda. Nilicheka mpaka machozi. Hayakuwa machozi ya furaha.

Kufunga msimu kulihitaji neno la siri, na neno hilo alikuwa nalo Bwana Rajabali peke yake. Tulimngoja atoke msikitini. Alipoingia, Mbeyu alimweleza vizuri, polepole, akimwonyesha kijitabu, akimwonyesha ukurasa wa mazoezi ukifanya kazi. Bwana Rajabali alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Haufungwi," akasema.

"Bwana, ni wa kompyuta tu. Hili la karatasi liache wazi."

"Msimu ni msimu. Mwaka wa Elinino karani wetu aliufunga wiki mbili kabla ya mvua, ati apumzike. Nilikuwa kijana. Nusu ya chumvi ya mwaka mzima ilirudi baharini, nami nimesimama naitazama. Baba hakusema neno mwezi mzima."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilimhurumia, kusema kweli, lakini nilitaka pia kumtikisa mabega. Nikaanza kumweleza habari za mafaili, na yeye akaanza kutazama saa. Mbeyu akanikatiza.

"Bwana, miaka mitatu hatujafunga. Tumepata mvua?"

"Hatujapata."

"Basi mvua haitusikilizi, tufunge tusifunge. Sisi huku Magarini mahindi yanatukaukia mikononi. Lau ingekuwa kufunga daftari kunaleta mvua, mume wangu angekuja kulifunga yeye mwenyewe, usiku, kwa nyundo."

Bwana Rajabali akacheka bila kutaka. Nje dereva wa lori alipiga honi, siku ya nne sasa. Akavuta kiti, akaandika neno la siri kwa kidole kimoja huku amekificha kidole hicho kwa mkono wa pili, akabonyeza, midomo ikimtikisika kwa dua.

Kompyuta ilifikiri robo saa nzima. Kisha printa ikaamka yenyewe na kutoa karatasi ya kufungia msimu. Mbeyu akaichukua, akaisoma, na nikaona shingo yake ikikakamaa. Nikaisoma begani mwake. Vipimo elfu kumi na moja mia tatu na sita. Mpimaji: Owen. Programu huuliza jina la mpimaji mara moja tu, msimu unapofunguliwa. Kwa kuwa msimu haukufungwa, haikuuliza tena. Kila cheti kilichotoka chumba kile kwa miaka mitatu kilikuwa na jina la mtu ambaye hajui hata kama bado tuna feni. Kwenye karatasi Mbeyu hakuwahi kupima punje ya chumvi.

Mimi nilipandwa na hasira nikasema maneno ambayo sitayaandika. Mbeyu alibonyeza kufungua msimu mpya. Kisanduku kikatokea kikiuliza jina la mpimaji. Akamtazama Bwana Rajabali.

"Andika lako," akasema yeye, akiangalia kando. "Andika, andika, gari linangoja."

Mbeyu akaandika majina yake matatu, herufi moja moja.

Dawa iliyobaki ilitosha vipimo viwili, labda na nusu. Mbeyu akachukua chumvi kutoka magunia ya lori, akapima, akayeyusha, akabonyeza. Tone, mstari. Tone, mstari. Haikusita hata mara moja. Nilikuwa nimekwisha anza kutabasamu nilipoona mstari umefika kikomo mapema mno, na matone machache maana yake iodini kidogo. Jibu likatokea. Iodini haikufika hata nusu ya inayotakiwa.

Ilikuwa rahisi kuelewa. Lori lilijazwa Jumanne, mashine ikiwa imekwisha goma. Wanaonyunyizia iodini hutegemea jibu la Mbeyu kila asubuhi kujua waongeze au wapunguze. Siku hiyo hawakupata jibu, wakakisia.

"Pima tena," akasema Bwana Rajabali.

Akapima tena. Jibu likawa lile lile. Chupa ikawa tupu.

Bwana Rajabali alitembea mpaka dirishani, akarudi. Aliposema alisema kwa upole, kama siku ile ya Jumatano. "Mama, tusikilizane. Lile daftari la zamani la kompyuta bado lipo, si lipo? Toa cheti humo, cha kipimo kilichofaulu. Kitoke kwa jina la Owen kama siku zote. Gari liende, mteja amengoja sana. Jumatatu tutarekebisha, na chumba hiki kitabaki chako."

Nilijua alichokuwa akipewa. Alikuwa akipewa kila alichokuwa akikililia tangu Jumatano, na bei yake ilikuwa karatasi moja. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka akubali. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeiona shingo yake ikikakamaa, sikutaka kuiona imeinamia reki.

Mbeyu akapangusa mikono kwenye koti.

"Owen hayupo, Bwana," akasema. "Niliyepima ni mimi. Na chumvi hii haifai."

Akabonyeza. Printa ikatoa cheti, neno la kukataliwa juu, majina yake matatu chini. Akakitia sahihi, akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu yote.

Bwana Rajabali alikisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Alikikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa kanzu, akatoka bila kutuaga. Tukasikia mlango wa lori ukifunguliwa, dereva akilalamika. Kisha tukasikia sauti ya Bwana Rajabali, ya ukali, akiwaita wapakizi.

"Shusheni! Yote shusheni! Na kuanzia leo hakuna gunia linalopanda gari kabla huyo mama hajalipima!"

Mbeyu alikuwa bado amesimama, ile chupa tupu mkononi.

"Mlamu," akasema, "hebu nishikie hii."

Nikamshikia, naye akakaa kitini akalia.